Kilo Moja Nukta Tano

Siku ya kuniaga, nyinyi vijana wa wodi mlinipa blanketi na sufuria, mkanilisha keki mpaka nikakohoa, kisha mmoja wenu akasema nisiende nyumbani na akili zote, niwaachie hata kidogo kwa maandishi. Basi nimekaa hapa Kitale, nina mahindi ya kupalilia na kuku wasio na adabu, na hatimaye nimepata muda. Vyeo sitavitaja kwa sababu havikuwa vingi. Mshahara mnaujua, ni huo huo mnaoulalamikia. Nitawaandikia juu ya kitu kidogo ambacho nusura kituchukulie mtoto: ile nukta inayokaa katikati ya tarakimu.

Kazi niliianzia hapa hapa Kitale, mji ambao wazazi wangu walihamia kutoka Nyeri kabla sijazaliwa. Siku ya kwanza nilikuja na sare iliyopigwa pasi, nikidhani nitakabidhiwa wagonjwa. Sista Rodha, aliyekuwa mkubwa wa wodi, alinikabidhi ndoo, chupa ya klorini na kikombe cha plastiki. Klorini ya chupa ilikuwa asilimia tatu nukta tano, na ya kuloweka vyombo ilitakiwa iwe nusu ya asilimia moja, yaani sufuri nukta tano. Nikagawanya kichwani, nikapata saba, na kwa majivuno ya mtu aliyefaulu hesabu nikamimina kikombe kimoja cha klorini na vikombe saba vya maji.

Sista Rodha alichungulia ndani ya ndoo akaniambia nimeizamisha. Aliniuliza, nikipika ugali wa watu saba na mimi mwenyewe nikiwa mmoja wao, wageni ni wangapi. Nikasema sita. Akasema basi mwaga hayo, weka maji vikombe sita, maana klorini nayo imeketi mezani. Tangu siku hiyo sijawahi kukosea klorini, na kila nikipika ugali huhesabu wageni.

Kwenye dawa alikuwa mkali zaidi. Nusu miligramu ilikuwa lazima iandikwe na sufuri mbele ya nukta, kwa sababu mtu mwenye haraka haoni nukta iliyosimama peke yake, ataona tano tupu na kumpa mgonjwa dawa mara kumi. Na miligramu tano ilikuwa marufuku kuandikwa na nukta na sufuri mkiani, kwa sababu mtu huyo huyo mwenye haraka ataona hamsini. Alisema nukta ni kama chawa, utaijua vizuri ukishaumwa. Madaktari vijana walimkimbia, nami pia nilimwogopa mwaka mzima, kisha nikampenda maisha yote. Karatasi zetu za dawa zilikuwa safi kuliko madaftari ya shule, na ninyi endeleeni hivyo hivyo.

Baadaye niliolewa Bungoma. Mume wangu ni Mbukusu, nami nikafuata ndoa na kazi kwa pamoja, nikaajiriwa katika hospitali ndogo ya misheni ambayo jina lake silitaji. Huko ndiko nilikowekwa katika chumba cha watoto njiti, ambacho kina mama wote wa upande ule hukiita nasari. Mkwe wangu aliposikia kazi yangu ni kulea watoto wanaoenea kwenye kiganja, alinionea huruma, akaniletea kuku.

Kwa wale ambao hawajafika nasari, kazi yenyewe ni ya joto, maziwa na mizani. Mama humvua mtoto nguo akabaki na kofia na nepi, akamweka kifuani, ngozi kwa ngozi, akajifunga shuka juu yake, akakaa hivyo mchana kutwa. Kifua cha mama ndicho mashine yetu bora na haikatiki umeme. Maziwa hukamuliwa kwenye kikombe na kupitishwa kwa mrija wa puani. Asubuhi, kabla ya chai, kina mama hupanga foleni na watoto wao mbele ya mizani, nesi anataja uzito kwa sauti, na mama anarudi kitandani akiwa na furaha au akiwa ameinamisha uso. Mtoto akifika kilo mbili, ananyonya vizuri na hana ugonjwa, anaenda nyumbani. Ni desturi nzuri ile foleni. Wanashangiliana, wanapeana moyo, na mama wa mtoto aliyepungua hapati nafasi ya kulia peke yake.

Nekesa alikuja kwetu wakati wa mvua za masika. Alikuwa na duka la nafaka Misikhu, mwanamke wa maneno machache na mikono mikubwa, na mtoto wake wa kwanza alikuwa amezaliwa miezi miwili kabla ya wakati. Mtoto msichana, kilo moja nukta nne mbili sufuri. Wakamwita Nafula, jina la dada ya mumewe, msichana aliyefariki akiwa kijana. Mama mkwe wake, kukhu, yaani nyanya, Marita wa Tongaren, ndiye aliyelitoa jina hilo kwa simu, na kwa Wabukusu jina la marehemu si pambo. Mtoto akilia bila kukoma, au akikonda, wazee husema huenda jina limekataa, na majina mengine yaitwe mpaka lipatikane moja atakalolikubali.

Siku za mwanzo Nafula alipungua, kama wapunguavyo wote. Alishuka mpaka moja nukta mbili tisa sufuri. Nilimweleza Nekesa kuwa mtoto anaruhusiwa kupoteza asilimia kumi ya uzito wake, yaani katika kila gramu mia zake, kumi zinaweza kwenda, na yeye hata hazijafika kumi. Nilikuwa nimejiandaa kueleza mara tatu. Nekesa alitikisa kichwa akasema hiyo anaijua, ni kama mahindi ya kuanika, gunia likitoka shambani na likitoka juani si uzito mmoja. Nikamwambia ndiyo, ni maji yanatoka. Nilienda zangu nikijiambia huyu mama hesabu hazimsumbui, na kusema kweli hazikuwa zikimsumbua.

Kisha mtoto akaanza kupanda. Moja nukta tatu moja sufuri. Moja nukta tatu nne tano. Ijumaa alikuwa moja nukta tatu nane tano, na Nekesa alicheka kwa mara ya kwanza, meno yote nje. Nikaenda nyumbani kwa mapumziko ya mwisho wa wiki nikiwa na moyo mwepesi.

Jumatatu niliporudi, Nafula alikuwa amelazwa kwenye kitanda chake kidogo, amefunikwa blanketi, na miguu yake ilikuwa baridi. Nekesa aliketi kando kwenye kiti. Blauzi yake ilikuwa imefungwa vifungo mpaka shingoni. Kikombe cha maziwa kilikuwa na kitu kidogo sana chini, na mwanafunzi wa unesi aliyekuwa zamu aliniambia mama huyo tangu Jumamosi hataki kumbeba mtoto kifuani, wala kukamua hakamui sawasawa, na akiulizwa anasema amechoka, basi wao wamekuwa wakimjaza mtoto maziwa ya kopo kwa mrija.

Nje kwenye benchi aliketi mama mzee, leso mpya mapajani na kapu pembeni. Alikuwa kukhu Marita, amefika na gari la kwanza kutoka Tongaren. Alinisalimia kwa heshima zote, akaniuliza habari ya watoto wangu, kisha akasema alichokuja kufanya.

"Tumekuja kuchukua mtoto wetu, daktari. Hatujakasirikia mtu. Jina limekataa, na hawezi ishia hapa kwa watu. Acha tumpeleke nyumbani, tumuitie majina, na kama ni kwenda, aende akiwa kwao."

Mimi si daktari, lakini haukuwa wakati wa kusahihisha vyeo. Niliangalia nje, mvua ilikuwa inanyesha mfululizo, na nilijua kuwa mtoto wa kilo ile, bila mrija na bila joto, akifika Tongaren atakuwa ameshatuaga barabarani. Nilimwomba kukhu anisubiri kidogo. Niliingia ndani nikavuta kiti, nikakaa karibu na Nekesa mpaka magoti yetu yakagusana, nikamuuliza ameona nini kwa mtoto.

Akasema, "Si Ijumaa mlisema moja na mia tatu themanini na tano? Jumamosi wakasema moja na nne. Jana nne. Leo tano. Sista, kutoka mia tatu mpaka tano, si hiyo ni kuisha?"

Nikamuuliza kwa nini basi asimbebe. Akaangalia dirishani.

"Sitaki kumzoea. Ataenda, na mimi nitabaki na mikono."

Niseme wazi kwamba nililia. Sikutoka nje wala sikujifanya napanga dawa, nililia pale pale, na yeye akanishangaa.

Yaliyotokea yalikuwa haya. Jumamosi mizani ya betri ilizima, ikapelekwa kutengenezwa, na wenzangu wakatoa stoo ile mizani ya zamani ya mshale. Ya betri huonyesha tarakimu tatu baada ya nukta, mpaka gramu ya mwisho. Ya mshale ina mistari tu: kati ya kilo moja na kilo mbili imegawanywa mara kumi, basi. Mwanafunzi alisoma mshale ulipoangukia, akataja kwa sauti, moja pointi nne, na hakukosea hata kidogo. Na Nekesa naye hakukosea wiki nzima ya kwanza. Moja na mia tatu themanini na tano ndivyo uzito ule ulivyokuwa hasa, kilo moja na gramu mia tatu themanini na tano. Ila sasa mizani ya mshale ilikuwa inahesabu vipande vya kumi, na hakuna aliyemwambia kuwa nne ya mizani hii ni mia nne ya mizani ile.

Ningeweza kumweleza kwa maneno. Nilijaribu, na niliona uso wake ukikubali kwa adabu, ile adabu ya watu kwa nesi ambayo ni hatari kuliko ubishi. Kwa hivyo nikaenda jikoni kuomba sukari. Mpishi wetu alikuwa mtu wa kulinda sukari kuliko mlinzi wa geti, akataka kujua ni ya nani na itarudi lini. Nikarudi na pakiti tatu zisizofunguliwa, ya kilo, ya nusu na ya robo. Chai ya wodi ilichelewa siku hiyo na lawama nilizipokea mimi.

Nilimwita kukhu aingie, akanawa mikono mpaka viwiko, nikamvalisha gauni la wageni. Nikamuuliza Nekesa, yeye mwuza nafaka, nusu kilo ni gramu ngapi. Mia tano, akasema, kama mtu anayeulizwa jina lake. Na robo? Mia mbili hamsini. Nikamwambia aweke nusu kwenye mizani ya mshale mwenyewe, na asome kama alivyosoma yule mwanafunzi.

"Sufuri pointi tano," akasema. Akaitoa, akairudisha. Mshale ukaenda pale pale.

Nikamwambia aweke robo. Mshale ukasimama katikati ya mstari wa mbili na wa tatu. Nikachukua kalamu nikaandika ile nusu ya kwanza, sufuri nukta tano, na chini yake robo ilivyo kwenye mizani ya betri: sufuri nukta mbili tano sufuri. Nikamuuliza ipi nzito, hii yenye mia mbili hamsini au ile yenye tano.

Aliangalia karatasi, akaangalia pakiti mbili mkononi, moja kubwa moja ndogo. Nilimwona anapigana nazo. Kisha akachukua kalamu kwangu bila kuomba na, baada ya ile tano, akaongeza sufuri mbili. Sufuri nukta tano sufuri sufuri. Sista Rodha angekuwa hai angenikata mkono kwa sufuri za mkiani, lakini hii haikuwa karatasi ya dawa.

"Ni mia tano," akasema polepole. "Hii tano ni mia tano."

Nikamwambia aweke kilo na nusu pamoja. Mshale ukapanda ukasimama kwenye moja nukta tano, mahali alipokuwa mtoto asubuhi ile. Kukhu Marita akaziondoa pakiti mbili kwenye mizani, akazipima kwa mkono wa kushoto akitikisa tikisa, kama wanavyopima kina mama wa sokoni. Akamwinua Nafula na blanketi lake kwa mkono wa kulia. Alikaa hivyo muda, akihamisha macho kutoka mkono mmoja hadi mwingine.

"Huyu hajaisha," akamwambia Nekesa. "Huyu ni mzito."

Nekesa alifungua vifungo. Kifungo kimoja kikakataa na akakikata. Nikamvua mtoto blanketi nikamweka kifuani pake, ile miguu baridi ikigusa tumbo, Nekesa akashtuka kwa baridi na kuanza kulia, na sisi wengine tukamfuata.

Lakini kukhu alikuwa amekuja kwa ajili ya jina, na mimi nimeolewa kule, najua kuwa neno likishatamkwa haliondoki kwa sababu ya sukari. Nikamwambia, kukhu, kama ni kuita majina, yaite hapa hapa. Nasari ni nyumba pia. Wakunga wawili walinitazama kwa jicho la pembeni, na mmoja alikuwa mlokole sana, lakini hakutuzuia. Kukhu aliinama karibu na kofia ya mtoto, akaanza na lile lile la kwanza, kwa sauti ya chini, Nafula, Nafula wa kwetu. Mtoto alikuwa ameshapata joto, amenyamaza, jicho moja limefunguka. Kukhu alingoja. Hakuita jina la pili. Alisema jina halikukataa, ni sisi tulikuwa na haraka.

Msidhani mambo yalikwisha hapo. Maziwa ya siku mbili hayarudi kwa kufurahi. Nekesa alikamua na kupata matone, akakamua tena, tukamkanda mgongo kwa taulo la moto, kukhu akaagiza uji wa wimbi wenye ndimu na kumsimamia mpaka kikombe kikauke. Na mizani ile ya mshale ilikuwa mbaya kwa mtu mwenye wasiwasi, kwa sababu mtoto huweza kuongeza siku mbili tatu na mshale usivuke mstari. Jumanne moja nukta tano. Jumatano moja nukta tano. Nilimfuata kitandani nikiogopa kukuta vifungo vimefungwa. Alikuwa amembeba mtoto, na aliniambia nisiwe na wasiwasi, tano ya Jumatatu na tano ya leo si moja, ametoka kwenye mstari na bado hajafika kwa sita, yuko njiani.

Nimefundisha wanafunzi wengi wenye vyeti, na huwa najitahidi sana kuwafanya waone kwamba kati ya nukta tano na nukta sita kuna nafasi ya kutembea. Yeye aliiona kwa sababu mtoto wake alikuwa ndani ya hiyo nafasi. Tangu wiki ile nikabadilisha foleni ya asubuhi. Kwenye karatasi tunaandika kama sheria inavyotaka. Kwa mdomo tunamwambia mama gramu, kwa Kiswahili chote, elfu moja na mia tano, na tunamwomba atuambie yeye jana ilikuwa ngapi na leo imeongezeka ngapi. Inachelewesha chai. Ichelewe tu.

Mizani ya betri ilirudi, Nafula akapanda. Siku alipofika moja nukta tisa sufuri sufuri, mama wa kitanda cha pili, aliyekuwa bado mgeni, alimuuliza Nekesa kama kesho anatarajia moja nukta kumi. Swali hilo nimelisikia mara nyingi, hata kwa watu wenye digrii. Nilifungua mdomo nijibu, na Nekesa akanitangulia. Alimwambia hapo hakuna kumi, vipande vikifika kumi vinakuwa kilo nzima, na hiyo kilo inaruka nukta inaenda kukaa na mwenzake. Kesho kutwa, Mungu akipenda, ni mbili.

Haikuwa kesho kutwa, ilichukua siku kadhaa zaidi kwa sababu ya mafua madogo, lakini mbili ilifika. Jirani yao wa Misikhu alikuja na gari. Jua lilikuwa limewaka baada ya mvua, na kina mama wote walisimama mlangoni, wengine wakiwa na watoto wao kifuani. Nekesa alishukuru watu mmoja mmoja mpaka mpishi. Kukhu Marita alikuwa amekwisha kufungua ile leso yake mpya, ameitandaza mikononi, akamwambia mkaza mwanawe alete mtoto amshike yeye mpaka Misikhu, apumzike kidogo, si amembeba wiki zote hizo.

Nekesa alimtazama mama mkwe wake, mtu ambaye yeye Nekesa hakuwahi kumkatalia neno. Akaishika ile leso kwa upole, akamfunika nayo Nafula pale pale kifuani alipokuwa.

"Samahani, mama," akasema. "Bado namshika."

Akaingia garini hivyo hivyo.